Siku sita na kuku watano, Louisville mpaka Columbus

Jumatano

Leo nimeosha kuku. Sio kuku wa kuchuna, kuku mzima anapumua, ananiangalia usoni na mimi nampaka shampuu kama mtoto wa chekechea anayeandaliwa kwenda kupigwa picha. Mama angeniona angeita jumuiya nzima ije iniombee.

Niwaeleze kidogo. Niko Louisville, Kentucky, mwaka wa sita huu, kazi yangu ni ghalani zamu ya usiku, nakaa nje nje ya mji, na nyuma ya nyumba yangu kuna mzee wa hapahapa, miaka 78, anafuga kuku wa maonyesho tangu yuko shule. Jogoo ndo alitukutanisha. Asubuhi moja natoka kazini nikasikia jogoo anawika, nikasimama kwenye uzio wake kama mjinga, maana mimi mtoto wa Nzega, Tabora bwana, ule mlio uliniingia tumboni. Mzee akatoka na kikombe cha kahawa akadhani nimekuja kulalamika kelele. Nikamwambia hapana mzee, nimekuja kusalimia jogoo. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa banda.

Sasa magoti yake yamechoka, watoto wake hawataki hata kusikia habari za kuku, kwahiyo mimi ndo mbebaji. Na mwaka huu tunaenda Columbus, Ohio, kwenye Ohio National, ambayo ni moja ya maonyesho makubwa ya kuku Marekani, hufanyika Novemba, kuku na bata na bata mzinga kwa maelfu chini ya paa moja.

Tunaenda na watano: jogoo, mtetea, pora wawili (majogoo machanga) na tembe mmoja (mtetea mchanga). Na hapa niseme kitu kilichonifurahisha. Hawa jamaa kuku wao wanawagawa hivyohivyo kwa shindano, jogoo wa mwaka mmoja na kuendelea hashindani na pora, mtetea hashindani na tembe. Nilipomwambia mzee kwamba kwetu maneno yote manne tunayo na bibi yangu aliyatumia bila kusoma popote, alinyamaza kidogo alafu akaniambia nimtamkie tena.

Wote watano ni mbegu ya Buckeye. Rangi yao siwezi kuielezea vizuri zaidi ya hivi: wamjua mninga? Lile kabati la mninga la Tabora likishapigwa vanishi, nyekundu iliyokolea mpaka inaelekea kuwa nyeusi. Ndo hiyo. Mkia mweusi, miguu ya njano, na kilemba ni kidogo kimelala kichwani, safu tatu za vipunje kama njegere, sio kile kirefu cha meno meno. Mzee anasema baridi ya huku inakata vilemba virefu, ncha zinaganda zinakuwa nyeusi zinadondoka, hiki kifupi kinasalimika.

Kuosha kwenyewe ni beseni tatu. La kwanza maji ya vuguvugu na shampuu, la pili kusuuza na siki kidogo ili sabuni itoke yote, la tatu maji safi na matone ya glisirini. Unafuata uelekeo wa unyoya, ukisugua kinyume unavunja. Cha kushangaza kuku ukimtia kwenye vuguvugu anatulia, pora mmoja alisinzia kabisa kichwa kikawa kinaning'inia nikadhani nimeua. Miguu kwa mswaki, kisha kijiti cha meno unachokoa uchafu chini ya magamba, gamba moja moja, mguu mmoja unakula dakika kumi. Alafu draya. Nimemaliza saa 6 usiku, mgongo umekufa. Nikauliza kwanini tusingefanya Ijumaa asubuhi, mzee akasema kuku ana tezi ya mafuta juu ya mkia, anachota kwa mdomo anajipaka, ukishamuosha umemtoa mafuta yote, mpe siku mbili ajirudishie mng'ao mwenyewe.

Alhamisi

Siku ya makaratasi. Huwezi kuvusha kuku mpaka wa jimbo hivihivi tu. Wiki kadhaa zilizopita walipimwa, tone la damu kutoka mshipa wa chini ya bawa, linachanganywa kwenye kibao na dawa ya zambarau, unasubiri kama dakika mbili, ikigandana vipunje vipunje basi kuku ana kuhara nyeupe au taifodi ya kuku. Wetu safi. Huu mpango wa kupima umeanza 1935, sababu miaka ile kuhara nyeupe ilikuwa inafagia vifaranga nchi nzima.

Mzee hana utani na hili jambo. 2015 mafua ya ndege yalipochachamaa Ohio ikapiga marufuku maonyesho yote ya ndege hai, mpaka watoto wa shule waliofuga kuku wa kupeleka sabasaba yao ya jimbo wakabaki wanaonesha mabango na picha. Na tangu 2022 yamerudi, yako kwa ndege wa porini, kila mwaka watu wanavuka vidole... hapana, wanamuomba Mungu (nishaanza kuongea kama wazungu). Kuku wetu wakirudi watakaa banda la pembeni wiki tatu, viatu vya huko haviingii kwenye banda la hapa. Nilimwambia mzee kwamba baba mdogo wangu wa Nzega alipoteza kuchi wote, wale kuku warefu wa kupigana, kwa mdondo, thelathini na kitu, ndani ya siku nne, kisa jogoo mmoja aliyenunuliwa mnadani. Mzee akatikisa kichwa, akasema "kila mfugaji ana jogoo wa hivyo kwenye historia yake."

Nimelala saa tatu. Basi.

Ijumaa

Tumetoka saa 11 alfajiri, giza, barafu kwenye kioo. Kuku kila mmoja kwenye kiboksi chake chenye maranda, hakuna kuchanganya, pora wawili ukiwaweka pamoja unafika na vilemba vimechanwa. Maji hatuweki yanamwagika, tunaweka vipande vya tufaha na tango, kuku anakula anapata maji humohumo. Hii ningeijua zamani, tulivyokuwa tunasafirisha kuku juu ya basi kwenda Dar wanafika ndimi nje.

Barabara ni I-71 moja kwa moja, kama kilomita 340. Kabla ya Cincinnati unapita Florence kuna tangi la maji refu limeandikwa FLORENCE Y'ALL kwa herufi kubwa, mzee kila tukipita lazima alipigie honi, sijui kwanini na sijauliza. Alafu unavuka daraja la mto Ohio, umeingia Ohio, na hapo ndo mzee alianza kuhadithia, maana Buckeye ni kuku wa kwao huko.

Hadithi ni hii. Kulikuwa na mama anaitwa Nettie Metcalf, wa Warren, Ohio, miaka ya 1890. Alichoka na kuku kushindwa baridi, akaamua kutengeneza wake. Akachukua Plymouth Rock wa mistari akampandisha na Cochin wa rangi ya dhahabu, hao Cochin ni kuku wakubwa wa asili ya China wana manyoya mpaka vidoleni kama wamevaa suruali ya mitumba isiyokatwa. Watoto wakatoka wakubwa ila wazembe, mwenyewe hakuwapenda. Akaingiza damu ya jogoo wa kupigana, mwekundu kifua cheusi. Hapo ndo kikaeleweka, kuku mkubwa, kifua kipana, mkali wa panya. 1904 wakaingizwa kwenye kitabu cha vigezo. Mpaka leo ni mbegu pekee ya Kimarekani kitabuni iliyotengenezwa na mwanamke. Na jina limetokana na mbegu ya mti mmoja ya rangi hiyohiyo ya mninga, ndo na jimbo lenyewe linavyotaniwa.

Mzee anatamka Cochin "kochin" na kila akisema mimi nasikia kuchi. Nikamwambia. Akacheka akasema basi yupo mmoja kichwani mwako saa zote.

Hicho kitabu nikieleze maana ndo biblia yao. Standard of Perfection. Chama chao, American Poultry Association, kilianzishwa Buffalo, New York, 1873, na mwaka uliofuata 1874 wakatoa chapa ya kwanza. Kwanini walihitaji? Sababu ya vurugu. Miaka ya 1840 kule Uingereza malkia Victoria alizawadiwa kuku wakubwa kutoka Asia, watu wakapagawa, homa ya kuku ikavuka bahari, 1849 Boston wakafanya maonyesho ya kwanza Marekani, watu zaidi ya 10,000 wakajaa bustanini kuangalia kuku, hebu fikiria. Bei zikapaa, matapeli nao wakaingia, kila mtu ana mbegu ana jina alilobuni jana usiku, na jaji wa mji huu anasema kuku mzuri ni hivi, wa mji ule anasema vile. Wakakaa wakaandika. Kila mbegu: mdomo, macho, kilemba, masikio, shingo, mgongo, bawa, mkia, kidari, miguu, vidole, uzito, na rangi ya kila unyoya mpaka ile sufi ya chini inayoonekana ukipuliza. Alama ni 100 zimegawanywa mwili mzima.

Uzito nao umeandikwa. Jogoo wa Buckeye kilo 4.1, mtetea 2.9. Brahma mweupe jogoo kilo 5.4! Alafu kuna Sebright, kuku bantamu, yaani kuku mdogo, wa Kiingereza, kila unyoya wake umezungushiwa mstari mweusi kama kitenge, jogoo mzima gramu 620 tu. Kuku hao wawili kwenye kitabu kimoja.

Tumefika saa 4 asubuhi. Aisee. Nilidhani nimejiandaa. Ukifungua mlango unapigwa na sauti kwanza, majogoo elfu na zaidi hawana saa, alafu harufu ya maranda, alafu macho yanazoea unaona vichanja, mistari na mistari ya vichanja vya waya mpaka mwisho huoni. Karatasi zikakaguliwa mlangoni, tukapewa namba za vichanja. Kadi ya kichanja haina jina lako, ina namba, mbegu, na kama ni jogoo ama pora. Mzee akapita na kitambaa cha hariri akawafuta mmoja mmoja, kilemba kikapakwa mafuta ya mgando kidogo sana ("kikiwa kinameremeta kama sambusa umezidisha"). Tukaweka maji, tukaondoka.

Dada yangu mkubwa anakaa Columbus na mumewe, tumelala kwao. Kafungua mlango, shikamoo dada, marahaba, alafu akarudi nyuma hatua moja, "Unanuka banda." Shemeji naye, ugali mezani: "Yaani shem umetoka Louisville na kuku watano, na hamna hata mmoja wa kuchinja?" Nikamwambia shem hao kuku mtu anaweza kununua mmoja kwa bei ya mbuzi. Akaweka tonge chini. "Anataga dhahabu?" Mzee anauliza wanasema nini, nikamtafsiria, akacheka mpaka akapaliwa na mchicha.

Jumamosi

Siku ya majaji. Sheria ya kwanza, huongei na jaji. Hata ukimjua, hata mlikunywa chai wote jana, leo humjui. Sheria ya pili, kaa mbali na vichanja vyako, mwenye kuku huwa anajisaliti kwa uso.

Tulisimama mstari wa pili tunajifanya tunaangalia bata. Jaji alikuwa mama mtu mzima kavaa koti jeupe, nyuma yake karani anaandika. Hawa majaji wana leseni, wanasoma, wanafuata jaji mwingine kwanza kama mafunzo, wanafanya mtihani. Na mikono yake, jamani. Anafungua kichanja polepole, anamuinamisha kuku, kidari kinakaa kwenye kiganja, miguu katikati ya vidole, anamtoa kichwa kwanza. Kuku katulia. Anaangalia macho yote mawili. Anapapasa mfupa wa kidari kama umenyooka. Anafungua bawa kama feni, anahesabu kama hakuna pengo kati ya manyoya makubwa na madogo. Anapuliza mgongoni aone sufi, na Buckeye pale lazima kuwe na mstari wa kijivu kama moshi, ndo alama yake, Rhode Island Red hana. Anageuza miguu. Anamrudisha, kichwa kwanza. Labda sekunde arobaini.

Nilihisi kitu kifuani maana ile mikono naijua. Baba mdogo akienda mnadani kununua kuchi anafanya kitu kilekile, kiganja chini ya kidari, kidole kwenye mfupa, anapuliza, anageuza miguu. Hajawahi kuona kitabu. Wala hajawahi kuniambia kwanini anapuliza.

Pora wetu mkubwa ndo alikuwa tumaini. Mzee anasema hajapata pora wa umbo lile miaka kumi, mgongo umelala vizuri, kifua kama ngoma. Jaji akamtoa, akamuangalia, nikaona karani anatabasamu, nikajua tumeshinda. Alafu akageuza miguu. Akasogeza mguu wa kushoto karibu na uso. Akavaa miwani. Akatenganisha vidole viwili kwa kucha yake, akasema neno kwa karani, akamrudisha.

Mzee kashaelewa. Uso wake haukubadilika ila alikaa kwenye ndoo.

Kwenye kadi herufi mbili: DQ. Ameondolewa. Kati ya kidole cha katikati na cha nje kulikuwa na kinyoya. Sio unyoya, kishina cha sufi, urefu wa punje ya mchele labda, mimi niliyemchokoa magamba Jumatano mpaka saa 6 usiku sikukiona. Kitabu kinasema kuku wa mbegu yenye miguu isiyo na manyoya akionekana na unyoya wowote mguuni, hata kishina, nje. Hakuna cha kupunguziwa alama. Nje.

Nikasema hii sio haki, kinyoya kimoja! Mzee akaniuliza, kimetoka wapi? Nikanyamaza. Akasema "Cochin." Yule kuku mwenye suruali wa mama Metcalf, zaidi ya miaka mia na ishirini iliyopita, bado yumo humo ndani anachungulia. Kila kizazi lazima umsukume nyuma, ukimwachia kidogo tu anarudi.

Jamaa mmoja wa kichanja cha jirani, mtu mzuri tu, akatuinamia akasema kwa sauti ya chini kwamba mambo hayo watu wanang'oa Alhamisi na kibano na hakuna anayejua. Kung'oa ni kosa pia, ukikamatwa ni kama umepaka rangi. Mzee akamjibu "mimi nitajua, alafu nitamzalisha, alafu watoto wake watajua." Ikaishia hapo.

Huyo pora wa pili katoka wa tano. Tembe wa nne. Jogoo hakuwekwa popote, mkia wake ulikuwa bado haujamaliza kuota upya, tulijua. Ila mtetea, yule mama mnene ambaye mzee karibu amwache nyumbani, kachukua wa pili kwa Buckeye wote, jike na dume, wakubwa na wadogo. Utepe tumeupata. Mzee kauweka mfukoni bila kuukunjua.

Mchana nikazunguka peke yangu, nikafika upande wa mbegu mchanganyiko zile ambazo hazina kundi. Na nikaganda pale.

Kwenye kichanja alikuwepo kuchi.

Kasimama wima, shingo ndefu, nyusi nzito zimefunika jicho la hasira, mdomo mfupi umepinda kama wa kasuku, kifua ngozi nyekundu inaonekana manyoya machache, mapaja kama ya mkimbiaji. Kadi imeandikwa Shamo. Ni kuku wa Japani, ameingia kitabuni 1981. Pembeni yake Malay, mrefu zaidi, huyo yupo kitabuni tangu 1883. Watafiti walipolinganisha vinasaba waliona kuchi wetu upande wa mama anasogeleana na hawa kuku wa kupigana wa Asia, na ukifikiria majahazi na Lamu na Unguja na misafara ya kwenda Tabora, wala huhitaji kuambiwa njia aliyopita.

Nikapiga picha nikamtumia baba mdogo. Kwetu saa 4 usiku. Akapiga hapohapo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Huyo kuchi mmempata wapi huko kwenye baridi?"

Nikamwambia sio kuchi ni Shamo. Akasema "hayo majina yenu. Mgeuze nione mguu." Siruhusiwi kugusa, nikashusha simu chini ya waya. Kimya. Alafu: "Mguu mzuri, gamba limekaa. Ila shingo hiyo nyembamba, na ana nyama nyingi ya paja la nje, la ndani hana. Ningempa mia na hamsini elfu, zaidi hapana." Yule jaji wa sehemu hiyo alimpa wa tatu. Walioshika wa kwanza na wa pili nikamwonesha bila kumwambia nafasi zao. Baba mdogo akawapanga sawasawa na jaji. Bila kitabu, usiku, kwa simu ya kioo kilichopasuka, kutoka Nzega.

Jumapili

Leo ni ya kutembea na kushangaa. Nikamkuta kishingo! Wao wanamwita Naked Neck, kitabuni tangu 1965, shingo wazi kama ya kwetu. Kuna kidimu, yule wa manyoya yaliyopinduka kama katoka kwenye upepo, huyo yupo toka chapa ya kwanza 1874. Wafugaji wake hawampandishi kidimu kwa kidimu, baadhi ya watoto wanatoka na manyoya makavu yanayokatika mpaka wanabaki uchi, lazima umwoze kwa laini. Bibi alikuwa anaweka kidimu mmoja tu kwenye kundi, alisema anafukua uchawi unaofukiwa uani. Kidimu mmoja, majike laini. Wafugaji wa huku wana sababu nyingine, banda linafanana.

Na kibutu, asiye na mkia, huku ni Araucana, anataga yai la bluu. Nilicheka sana nikimkumbuka kibutu wetu aliyekuwa anaitwa Mwenyekiti.

Sio kila kitu nimekipenda. Kuna bantamu wa Kijapani, miguu mifupi mpaka tumbo linagusa maranda, mzuri kama pambo, ila ile miguu inakuja na gharama, ukipandisha wafupi kwa wafupi robo ya vifaranga wanafia ndani ya yai. Na wale wa kishungi kikubwa hawaoni mbele, ukimjia wa juu anaruka kwa woga. Nikamuuliza mzee kwanini kitabu kinaruhusu. Akasema kitabu kimeandikwa na watu, na watu wanapenda vitu vya ajabu, yeye mwenyewe alifuga kishungi miaka mitatu akaacha baada ya mmoja kuzama kwenye ndoo ya maji ambayo kuku mwingine yeyote angeiona. Hakusema zaidi.

Wana msemo wao, kwamba umbo ndo mbegu na rangi ni aina tu. Yaani kuku ukimwona kwa mbali jua likiwa nyuma yake, kivuli tu, ujue ni nani. Nikajaribu mlangoni mwa ukumbi, nikapata sita kwa kumi, Leghorn na Minorca nikachanganya, mzee akasema kwa mtu wa ghalani sio mbaya.

Saa 8 mchana wakatangaza kutoa kuku. Purukushani kama stendi ya Mbezi sikukuu. Tukarudi na I-71, mvua ya baridi, pora aliyeondolewa akawika njia nzima kuanzia Cincinnati mpaka nyumbani. Florence, honi. Karibu na Louisville mzee akasema, bila kunigeukia, yule pora hawezi kumzalisha na hawezi kumuuza kwa mtu atakayemzalisha. Nikasema naelewa. Akasema "shemeji yako aliuliza."

Sikujibu. Kilomita kama kumi hivi.

Jumatatu

Pora hajachinjwa. Yuko kwenye banda dogo nyuma kwangu, sina mtetea, anakula pumba na mabaki ya ugali, leo alfajiri kawika niko kitandani nikacheka mwenyewe. Dada kapiga kuniuliza kama shemeji aje wikiendi na karai. Nimemwambia asubirie.

Usiku mapumziko ya kazini nikamwandikia baba mdogo. Nikamwambia kule kuna kitabu, kila kuku kaandikwa kuanzia mdomo mpaka kucha, Shamo yumo, kishingo yumo, kidimu yumo, kuchi wa Tabora hayumo popote, na wewe ndo nakujua unayemjua, niambie kuchi mzuri yukoje, mimi nitaandika. Nilidhani atacheka.

Katuma sauti. Dakika 14. Nimesikiliza nusu nikiwa nimekaa ghalani, kuna jogoo wanawika nyuma yake na mtu anamwita akale yeye anasema subiri. Ameanza na mdomo. Kasema kuna midomo ya aina tatu na mbili hazifai, akaeleza kwanini, akarudi mwanzo akaeleza tena sababu alisahau tundu za pua. Sauti inaisha bado hatujafika kwenye jicho.

Nimenunua daftari kubwa, la kurasa mia mbili.